Ngoma na mishipa ya damu: kwa nini kina mama wazee hawafai kuketishwa

Kwa wakazi wengi wa Kaunti ya Kilifi, ngoma ni jambo la harusi, mavuno na matanga. Watafiti wa magonjwa ya moyo katika nchi kadhaa wameanza kuitazama kwa namna nyingine: kama zoezi linaloweza kushusha presha na kuifanya mishipa ya damu itanuke vyema, hasa kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Matokeo yao yanawagusa kina mama wa Kaloleni, Rabai, Ganze, Malindi na Magarini moja kwa moja, kwa sababu wao ndio ambao kwetu huambiwa wakae chini.

Katika hafla nyingi siku hizi, mama akishafika miaka 60 huletewa kiti cha plastiki, akaambiwa, "Hawe, keti hapa, utachoka." Maneno hayo ni ya heshima na hakuna anayekusudia ubaya. Lakini heshima hiyo hiyo humfuata hadi nyumbani. Shambani haendi tena, maji anachotewa, sokoni anatumwa mjukuu kwa bodaboda. Mwishowe mama hushinda kutwa ameketi barazani, na mwili ambao kwa miaka 50 ulizoea kutembea, kutwanga na kuinama unabaki bila kazi. Mishipa yake ya damu haichelewi kuonyesha tofauti.

Tofauti hiyo huonekana kwenye presha. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya, wa umri wa miaka 18 hadi 69, alikuwa na presha ya juu. Zaidi ya nusu ya walioshiriki hawakuwa wamewahi kupimwa presha maishani mwao. Sensa ya 2019 nayo ilihesabu takriban watu milioni 2.7 waliofika miaka 60 na kuendelea, na wanawake ndio walio wengi.

Presha ya juu isiyodhibitiwa huharibu figo, macho na moyo, lakini kinachozitisha familia zaidi ni kiharusi: mtu analala mzima, anaamka upande mmoja wa mwili haufanyi kazi na maneno hayatoki. Pwani hii tatizo hilo lina uzito wake wa ziada. Katika baadhi ya vijiji, kupooza kwa ghafla bado hunong'onwa kuwa ni kurogwa, na kidole huelekezwa kwa mzee wa jirani. Yapo maisha ya wazee yaliyoharibika kwa minong'ono ya aina hiyo, na huko Ganze kipo kituo cha Kaya Godoma kinachowahifadhi wazee waliokimbia makwao. Mshipa uliopasuka au kuziba ndani ya ubongo kwa sababu ya presha hauna mchawi. Una historia ya miaka mingi ambayo kipimo cha dakika tano kingeweza kuionyesha.

Kinachotokea ndani ya mshipa

Kila moyo unapopiga, husukuma damu kwa nguvu kwenye mishipa mikubwa inayoitwa ateri. Mishipa hiyo imeumbwa kutanuka damu inapoingia na kurudi ilivyokuwa damu inapopita. Ulinganisho wa karibu ni mpira wa kumwagilia maji. Ule mpya ni laini, ukifungua bomba ghafla unavimba kidogo na kuipokea ile nguvu. Ule ulioachwa juani miaka mingi umekakamaa. Ukifungua bomba, nguvu yote inagonga ukuta wake. Ateri za mtu mzee zinaelekea kuwa kama mpira wa pili. Ndiyo sababu kwa wazee wengi namba ya juu ya presha hupanda huku ile ya chini ikibaki pale pale au hata kushuka. Mama anayepimwa na kukuta 165 kwa 78 asijifariji kwamba "ya chini ni nzuri". Kwa umri wake, ya juu ndiyo ya kuangaliwa zaidi.

Kwa wanawake kuna sababu ya pili. Kabla ya kukoma hedhi, homoni ya estrojeni husaidia kuiweka mishipa katika hali ya ulaini. Hedhi inapokoma, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, homoni hiyo hupungua sana na kinga yake hupungua pia. Ukiwachukua vijana, wanaume ndio wenye presha ya juu zaidi. Ukiwachukua waliopita miaka 65, wanawake wamewafikia na kuwapita. Kwa hiyo mama anayesema "mimi sijawahi kuwa na presha" huenda anasema kweli tupu kuhusu miaka yake 40 iliyopita, na bado akawa na presha leo.

Sehemu muhimu kuliko zote katika habari hii ni utando mwembamba sana unaofunika mshipa kwa ndani. Utando huo hutengeneza hewa iitwayo nitriki oksaidi, ambayo kazi yake ni kuiambia misuli ya ukuta wa mshipa ilegee ili njia ipanuke. Ugunduzi huo ndio uliowapa Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka wa 1998. Utando hutoa hewa hiyo kwa wingi pale damu inapopita kwa kasi na kuusugua. Mtu akikaa siku nzima, damu hupita polepole na utando hulala. Akitembea haraka, akilima au akicheza ngoma kwa nusu saa, moyo hudunda kwa kasi, damu husugua kuta, hewa hutoka, mishipa hulegea. Zoezi likirudiwa kwa wiki nyingi, utando huo hujifunza upya kazi yake.

Kuna jambo la kuzingatia hapo. Baada ya zoezi moja, presha hushuka na kubaki chini kwa saa kadhaa, pengine hadi siku ya pili, kisha hurudi ilipokuwa. Harusi moja ya kukesha mwezi wa Agosti haiwezi kumlinda mtu hadi Desemba. Anayecheza mara tatu kwa mwaka amefurahi na wenzake, na hilo ni jema, lakini kwa mishipa yake ni kama hakucheza.

Miguu nayo ina kazi yake. Misuli ya shavu la mguu hukamua mishipa inayorudisha damu moyoni, hivi kwamba kila hatua ya kukanyaga na kuinua kisigino ni kama pampu ndogo. Mama ambaye miguu huvimba jioni baada ya kukaa kwenye kibanda cha kuuza mboga ataifahamu nafuu ya pampu hiyo ndani ya siku chache.

Waliopima walikuta nini

Mwaka wa 2008 madaktari wa Italia walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusu wagonjwa 130 wenye udhaifu wa moyo wa muda mrefu. Baadhi walifanya mazoezi ya kawaida ya hospitali kwenye baiskeli na mashine ya kutembea, wengine wakacheza walzi, ile dansi ya Wazungu ya wawili wawili wanaozunguka ukumbini, na kundi la tatu halikupewa zoezi. Baada ya wiki 8 wachezaji walikuwa wamepata nafuu sawa na waliotumia mashine, na mishipa yao ilipimwa ikaonekana inatanuka vizuri zaidi. Ni kweli kwamba wengi wa wagonjwa hao walikuwa wanaume. Lakini jaribio hilo liliondoa dhana kwamba dansi ni mchezo tu, na mazoezi ya kweli ni yale ya mashine.

Nchini Uingereza, uchambuzi uliotolewa 2016 uliwafuatilia watu 48,390 wenye umri wa zaidi ya miaka 40. Waliokuwa wakicheza dansi kwa nguvu ya wastani walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa kwa kiwango kilichokaribia nusu ya wasiocheza. Takwimu kama hizo zisomwe kwa uangalifu, maana anayekwenda kucheza huenda tangu mwanzo ana afya bora na marafiki wengi kuliko asiyekwenda.

Ushahidi wenye nguvu zaidi hutoka kwenye majaribio yanayowagawa watu kwa kura. Mwaka huo huo wa 2016, watafiti waliyaunganisha majaribio manne ya aina hiyo kuhusu watu wenye presha ya juu, jumla ya watu 216, wakakuta dansi imeshusha namba ya juu kwa wastani wa takriban 12. Ni majaribio machache na madogo. Hata hivyo kushuka kwa 10 tu katika namba ya juu, kwa njia yoyote ile, hupunguza hatari ya kiharusi kwa takriban robo. Nigeria nako, wagonjwa wa presha waliokuwa wakimeza dawa na kucheza dansi ya mazoezi kwa wiki 12 walidhibiti presha yao vizuri kuliko waliomeza dawa peke yake.

Jaribio lililo karibu zaidi na hali yetu lilifanyika mbali sana, katika visiwa vya Hawaii. Wenyeji wa visiwa hivyo wana presha ya juu na kiharusi kwa wingi kuliko Wamarekani wengine, na programu nyingi za mazoezi walizoletewa kutoka nje walizikimbia. Watafiti wakashirikiana na walimu wa hula, ngoma ya asili ya wenyeji hao. Watu 263 wenye presha isiyodhibitika walipewa kwanza masomo machache kuhusu moyo, chumvi na dawa. Kisha nusu yao wakajifunza hula, saa moja, mara mbili kwa wiki, kwa miezi mitatu ya mwanzo. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita namba ya juu ya wachezaji ilishuka kwa wastani wa 15.3. Waliopata masomo tu walishuka kwa 11.8.

Msomaji makini ataona kwamba tofauti kati ya makundi hayo mawili si kubwa. Sehemu kubwa ya nafuu ilitokana na kupimwa, kuelezwa na kufuatiliwa, na ngoma ikaongeza juu yake. Jambo la pili, ambalo kwa mambo ya afya ya umma lina thamani zaidi, ni kwamba wachezaji waliendelea kuja. Zoezi ambalo mtu analijua tangu utotoni, lenye nyimbo za kwao na wenzake wa rika lake, halihitaji kusukumwa.

Tunazo za kwetu

Kilifi haina upungufu wa ngoma. Mwanzele ya Wagiriama, inayochezwa matangani na kwenye sherehe, ina hatua fupi zinazorudiwa na mabega yanayofuata mlio wa kayamba. Mama aliyevaa hando na kuitikisa kwa mdundo anafanya kazi ya nyonga, mgongo na miguu kwa pamoja. Hata anayepiga kayamba hayuko mapumzikoni: kuitikisa kwa mikono miwili kwa robo saa kunampa jasho kama mchezaji. Chakacha ya Waswahili wa Malindi na Mambrui inatumia kiuno na magoti yaliyokunjwa kidogo. Lelemama ni ya taratibu, mikono ndiyo inayosema zaidi, na inamfaa mwenye magoti yanayouma. Lelemama pia ni kumbukumbu ya jambo lingine: mwanzoni mwa karne iliyopita, kina mama wa Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama vyenye viongozi, michango na mashindano makali kati ya chama na chama. Mfumo wa kina mama kukutana kwa ngoma kila mara, na si siku ya hafla pekee, haukuletwa na madaktari.

Hapa ni vyema kutenganisha mambo matatu yanayochanganywa. Ipo taaluma inayoitwa tiba ya dansi na mwendo, iliyokua Marekani baada ya mwalimu wa dansi Marian Chace kuanza kazi na wagonjwa wa akili katika hospitali ya St. Elizabeths mjini Washington mwaka wa 1942. Hiyo inahusu zaidi moyo wa ndani wa mtu, huzuni na mshtuko, na huendeshwa na mtu aliyesomea. Zipo pia ngoma za pepo ambazo watu wa pwani wanazijua, nazo si mada ya makala haya. Kinachoelezwa hapa ni ngoma kama mazoezi ya mwili, na mtu ambaye imani yake haimruhusu kucheza ngoma za kimila hajafungiwa mlango. Kwaya za kina mama makanisani hupiga hatua na kupiga makofi kila Jumapili. Wengine huitikia kasida, na wengine hufungua redio tu jikoni. Mshipa haujui tofauti ya wimbo. Unajua kasi ya damu.

Kiasi gani, na kwa nguvu gani

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya nguvu ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima, wazee wakiwemo. Hiyo ni nusu saa siku tano, au dakika 50 siku tatu. Wazee wanashauriwa pia kufanya mazoezi ya kujisawazisha ili wasianguke, siku tatu au zaidi kwa wiki. Ngoma ina bahati ya kuyachanganya yote mawili, kwa kuwa kugeuka, kurudi nyuma na kusimama mguu mmoja kwa nukta moja ni sehemu ya mchezo.

Kipimo cha nguvu ya wastani hakihitaji saa wala mashine. Kanuni inayotumika duniani husema mtu awe anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Kwetu kanuni hiyo ina tatizo, maana ngoma bila kuimba ni nusu ngoma. Njia rahisi ni kumtazama kiongozi wa wimbo. Akiweza kuimba ubeti mzima bila kuvuta pumzi katikati, mwendo ni wa polepole mno. Akishindwa hata kuitikia kibwagizo pamoja na wenzake, apunguze.

Anayeanza baada ya miaka ya kukaa asilenge dakika 150 wiki ya kwanza. Dakika 10 kwa siku zinatosha, akiongeza tano kila baada ya wiki moja au mbili. Kila kipindi kianze kwa kutembea mduara na kuzungusha mabega kwa dakika kama 10, na kiishe vivyo hivyo kwa mwendo unaopungua. Kusimama ghafla katikati ya ngoma kali huifanya damu ibaki miguuni, na kichwa kikazunguka. Mwenye magoti mabovu achezee kwenye kiti imara kisicho cha kuegemea pembeni, akikanyaga kwa visigino na kutumia mikono na mabega.

Mahali pa kuanzia pengine pameshapatikana. Vikundi vya kina mama na vyama vya mzunguko vipo karibu kila kijiji, na vingi hukutana kila wiki. Nusu saa ya ngoma kabla ya kuhesabu michango haina gharama yoyote, na siku nyingine mbili za wiki zinaweza kufanyika kwa majirani watatu au wanne uani kwa mtu. Mtaa wenye mchanga mwepesi si mzuri kwa vifundo vya miguu. Ardhi ngumu iliyofagiwa ni bora. Joto la pwani si la kudharauliwa. Saa kumi na mbili asubuhi au baada ya saa kumi jioni panafaa, na maji ya kunywa yawepo.

Dawa haziachwi

Hili ndilo eneo lenye hatari kubwa kuliko yote katika habari ya ngoma na presha. Mtu akicheza mwezi mmoja, akajisikia mwepesi na kulala vizuri, hushawishika kwamba amepona na kuacha vidonge. Presha haisikiki mwilini. Kujisikia vizuri hakuthibitishi chochote, na dawa zikiachwa ghafla, baadhi yake hasa, presha inaweza kuruka juu kuliko ilivyokuwa mwanzo. Majaribio ya Nigeria na Hawaii hayakuwaondoa wagonjwa kwenye dawa zao. Ngoma iliwekwa juu ya dawa. Kama kipo kidonge cha kupunguzwa, atakayekipunguza ni daktari au afisa wa kliniki akiwa na vipimo vya wiki kadhaa mbele yake.

Dawa zenyewe zina tabia ambazo mchezaji anapaswa kuzijua. Zile za kuongeza mkojo hupunguza maji mwilini, kwa hiyo siku ya joto kali mama anaweza kupata kizunguzungu mapema kuliko wenzake. Dawa zinazopunguza kasi ya moyo zitafanya mapigo yasipande hata akicheza kwa nguvu, hivyo asijilinganishe na mwenzake kwa kuhesabu mapigo. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari ale kitu kabla, avae viatu vinavyofunika vidole, na akague nyayo zake akimaliza, kwa sababu kidonda kidogo ambacho hakukisikia kinaweza kumgharimu mguu.

Mama ambaye kipimo chake akiwa ametulia kinasoma 180 au zaidi juu, au 110 au zaidi chini, asianze kucheza. Aende kwanza kituo cha afya. Vivyo hivyo aliyewahi kupata kiharusi, mwenye maumivu ya kifua anapotembea, anayekosa pumzi akilala, au aliyezimia hivi karibuni. Wapo kati ya hao watakaoruhusiwa kucheza baadaye, tena watafaidika zaidi kuliko wengine, lakini mtaalamu awaone kwanza.

Kila kikundi kijue dalili za kiharusi: uso kushuka upande mmoja, mkono mmoja kukosa nguvu ukiinuliwa, maneno kuburuzika au kutoeleweka. Ikitokea mojawapo, mtu asipelekwe kulala wala asisubiriwe apoe, na asipewe chochote cha kunywa kwa sababu kinaweza kuingia kwenye mapafu. Apelekwe hospitali saa ile ile, na anayempeleka akumbuke dalili zilianza saa ngapi. Maumivu ya kifua yanayobana, yanayokwenda kwenye mkono au taya, yashughulikiwe kwa haraka hiyo hiyo.

Neno moja kuhusu chumvi, kwani ngoma haiwezi kuishinda peke yake. Kiwango kinachopendekezwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote, ikiwemo chumvi iliyofichika. Ng'onda na papa wa chumvi ni chakula kitamu cha pwani na si lazima vikatazwe kabisa. Vinaweza kulowekwa, maji yakamwagwa mara mbili au tatu, na mchuzi usiongezwe chumvi nyingine.

Kupimwa kabla na baada

Kikundi kinachotaka kuanza kianze kwa kupimwa. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba waligawiwa mikoba ya kazi kuanzia Septemba 2023, na ndani yake mna mashine ya kupimia presha na ya kupimia sukari. Asiyemjua mhamasishaji wa kijiji chake amuulize mzee wa mtaa au afike zahanati iliyo karibu. Kwa waliojisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, huduma za msingi katika vituo vya ngazi ya 2 na ya 3 hugharamiwa na Hazina ya Afya ya Msingi. Kwa hiyo kupima presha kusiahirishwe kwa hofu ya malipo.

Kipimo kina masharti yake, na wengi hupata namba za uongo kwa kuyapuuza. Mama aketi kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo ziko chini, miguu haijapishana. Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo, na leso au mkono wa gauni usiwe chini ya kitambaa cha mashine. Asizungumze. Awe amekwenda haja ndogo, na nusu saa kabla asiwe amekunywa kahawa, kuvuta tumbaku wala kucheza. Kipimo kichukuliwe mara mbili, kwa kupumzika dakika moja katikati. Presha huitwa ya juu ikiwa namba ni 140 au zaidi juu, au 90 au zaidi chini, na ikaonekana hivyo kwa siku tofauti, si mara moja tu.

Namba hizo ziandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe, zikiwemo siku ambazo mama alicheza na siku alizomeza dawa. Asiyejua kusoma aandikiwe na mjukuu. Baada ya miezi mitatu daftari hilo lipelekwe kliniki. Hapo ndipo mhudumu ataona kama namba zimeshuka, zimesimama au zimepanda, na kuamua pamoja na mama kama dawa zibaki zilivyo, zibadilishwe au ziongezwe.